Picha za Nchi Kavu Zinapogoma: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko ya watu wanaotembea na kamera nyikani, jangwani au kwenye mbuga zilizokauka yanafanana mno: picha zimepauka, mnyama ametoka ukungu-ukungu, simu imejizima, lenzi inasaga. Wengi huanza kwa kuilaumu kamera, na wapo wanaokimbilia kununua nyingine. Mara nyingi kamera ni nzima. Kinachosumbua ni mwanga mkali, joto na vumbi, na vitatu hivi havina uzito sawa. Mwanga huharibu picha za siku hiyo tu. Joto husimamisha kifaa, kisha kwa kawaida kikipoa kinarudi. Vumbi ndilo linalokitia kilema cha kudumu, tena kwa msaada wa mikono ya mwenyewe anayefuta, anayelazimisha na anayefungua pasipostahili. Ndiyo maana kwenye dalili za mwanga utaambiwa jaribu hiki na kile, lakini tukifika kwenye vumbi utaambiwa acha.

Picha zimepauka, rangi zimekufa

Kwa anayetumia simu, sababu ya kwanza ni kioo cha lenzi kilichopakwa mafuta ya vidole, jasho au losheni. Ukiona mwanga umetapakaa kama ukungu na jua limetoa mistari mirefu, shuku hapo kwanza. Inamisha simu mpaka mwanga uangukie kioo kwa ubavu, utayaona madoa. Puliza vumbi kwanza, halafu ndipo ufute kwa kitambaa laini kisicho na mchanga. Pindo la shati ulilolivaa tangu asubuhi si kitambaa hicho.

Kwa wengine wote sababu kubwa ni saa. Jua likiwa utosini, vivuli vinajificha chini ya vitu vyenyewe, na nchi kavu bila vivuli haina umbo: mikunjo ya mchanga, nyufa za tope lililokauka, magamba ya gome, vyote vinalala bapa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoponya hili. Saa nzima ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama ndizo za kupiga mandhari. Katikati ya mchana geukia vitu vidogo. Ua au mdudu unaweza kumkinga kwa kivuli cha mwili wako, na jani ukilipiga huku jua likiwa nyuma yake linawaka mishipa yote.

Sababu nyingine ni jua kuingia ndani ya lenzi moja kwa moja. Vika lenzi kofia yake ya kuzuia jua, au kinga kwa kiganja ukiangalia kisitokee kwenye picha. Ikiwa vilivyo karibu vina rangi nzuri na milima ya mbali tu ndiyo iliyofifia, hilo ni vumbi la hewani, na kulisafisha kwenye programu hutoa picha yenye chengachenga. Heri ulitumie. Vumbi likimulikwa na jua kutoka nyuma hutenganisha vilima safu baada ya safu.

Onyo moja: usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kamera yenye kioo cha ndani, hasa ukiwa na lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Mwanga uliokusanywa na lenzi huunguza jicho kabla hujahisi maumivu.

Mchanga mweupe umetoka wa kijivu, au mnyama amekuwa kivuli cheusi

Haya ni matokeo ya jinsi kamera inavyopima mwanga. Kipimo chake kinadhani kila kitu duniani, kwa wastani, kina mng'ao wa kijivu cha katikati, karibu asilimia 18. Kikielekezwa kwenye chumvi iliyokauka au mchanga mweupe kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, nawe unapata kijivu. Kikielekezwa kwenye mawe meusi ya volkano kinafanya kinyume.

Tiba ya kwanza ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Mchanga mweupe, ongeza kati ya 0.7 na 1. Mawe meusi, punguza kiasi hichohicho. Kwa simu, gusa skrini pale penye kitu unachokitaka, kisha vuta alama ya jua juu au chini.

Usiiamini skrini kukuonyesha kama umepatia, kwa kuwa juani kila picha huonekana nyeusi. Fungua histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha giza likiwa kushoto na mwanga kulia. Mlima wake ukiwa umegandamana na ukuta wa kulia, weupe umeungua na mara nyingi hautarudi wote hata ukipiga faili za RAW, yaani ghafi ambazo kamera haijazichakata. Ukigandamana na ukuta wa kushoto, vivuli vimezama. Ikibidi uchague, okoa weupe. Vivuli huvutika baadaye.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu ambayo bado inafaa kuhakiki kipimo cha kamera: jua likiwa wazi, tundu la lenzi f/16 (namba ikikua tundu hupungua), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), spidi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/100 ya sekunde au karibu na hapo. Kwenye mchanga unaong'aa sana, f/22. Kamera ikikupa namba zilizo mbali kabisa na hizo mchana kweupe, angalia kama kitufe cha kujumlisha na kutoa kilisogezwa ndani ya mkoba, au ISO ya jana jioni bado iko palepale. Hicho cha ISO hutokea kuliko watu wanavyokiri.

Mnyama aliyesimama mbele ya anga jeupe ni kesi tofauti. Ama pima mwanga kwenye mwili wake peke yake na ukubali anga liungue, ama mwache awe kivuli na utafute mkao ambao pembe, masikio na miguu vinaonekana vimeachana. Njia ya katikati hapo huzaa picha isiyo na pande zote mbili.

Picha hazina makali

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na ndilo linalogunduliwa vibaya kuliko yote. Anza na yaliyo rahisi.

Spidi ndogo ya shata. Kwa kamera ya mkononi, spidi isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 300, angalau 1/300. Kama sensa ya kamera, kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ile ndogo, zidisha urefu kwa 1.5, hivyo nenda 1/500. Mnyama anayetembea anahitaji 1/1000, ndege arukaye 1/2000. Mchana wa nchi kavu haukunyimi mwanga. Kwa ISO 400 na f/8 juani utapata kama 1/1600 bila jasho, hivyo hakuna sababu ya kung'ang'ania ISO 100.

Fokasi, yaani ulengaji wa makali, imekamata kitu kingine. Vuta picha uikuze. Nyasi za mbele zikiwa na makali na swala ana ukungu, umepata jibu. Tumia nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho. Kwa maua na wadudu, hakikisha hujakaribia kupita uwezo wa lenzi: rudi nyuma kidogo, kisha punguza picha baadaye. Angalia pia swichi ya fokasi ubavuni mwa lenzi. Inasogezwa kirahisi na mkoba.

Upepo. Shina jembamba halitulii hata ukidhani limetulia. Simama upande upepo unakotoka, mwili wako uwe ukuta, na upige kadhaa.

Tundu dogo kupita kiasi. Watu hufunga mpaka f/22 wakitumaini kila kitu kitakuwa na makali, kumbe mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika na picha yote hulegea. f/8 hadi f/11 inatosha mandhari nyingi.

Ukishayamaliza hayo na bado picha za mbali zimelegea, umekutana na hewa inayotetema, ndugu wa mazigazi. Ardhi ikishika moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mafungu yenye joto tofauti, na mwanga unapopita humo hupindishwa huku na huku. Lenzi ndefu hukuza mtetemo huo pamoja na mnyama. Hakuna fokasi, tripodi (stendi ya miguu mitatu) wala programu inayouondoa, na wengi wamepeleka lenzi nzima kwa fundi kwa sababu yake.

Kuipima ni rahisi. Chagua kitu kisichotembea, jiwe au kisiki cha mbali, weka spidi 1/1000, piga picha kumi mfululizo. Kuza kila moja. Kingo za jiwe zikibadilika umbo kutoka picha hadi picha, huku zikiwa na makali hapa na kulegea pale, ni hewa. Zikiwa zimelegea namna ileile katika zote kumi, ni fokasi au lenzi.

Dawa ya hewa ni umbali. Punguza umbali, au fika mapema kabla ardhi haijapata moto. Wingu likifunika jua kwa muda, mtetemo hupungua. Kusimama mahali palipoinuka husaidia, kwa kuwa hewa mbaya zaidi imeshikana na ardhi. La sivyo piga nyingi, uchague moja. Binafsi naona baada ya saa nne asubuhi ni afadhali kuifunga lenzi ndefu kabisa kuliko kujaza kadi kwa picha ambazo hazitaponyeka.

Jaribio la mwisho: alfajiri kukiwa na ubaridi, weka kamera juu ya tripodi, piga ukuta au jabali bapa lililo mbele yako sawasawa. Upande mmoja ukiwa umelegea kila mara, kioo ndani ya lenzi kimehama. Acha hapo. Lenzi hiyo ni ya fundi.

Madoa ya kijivu yanajirudia mahali palepale

Vumbi lililo kwenye kioo cha mbele mara chache huonekana kama doa; hupunguza ung'avu tu jua likiwa mbele yako. Doa la duara lenye kingo laini, hasa angani, huwa ni vumbi lililokaa juu ya sensa, na hujitokeza zaidi tundu likiwa dogo.

Thibitisha: elekeza kamera kwenye anga tupu lisilo na jua, f/22, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi. Piga. Badilisha lenzi ukiwa ndani, si nje kwenye upepo, kisha piga tena. Doa likibaki palepale liko kwenye sensa; likiondoka lilikuwa kwenye lenzi. Doa unaloliona kwenye kitundu cha kuchungulia tu na halimo pichani liache, halidhuru.

Ukiwa bado safarini, fungua tundu mpaka f/5.6 au f/8. Madoa mengi yatafifia na yaliyobaki utayafuta kwenye programu. Ukirudi, tumia kwanza usafi wa ndani wa kamera yenyewe, ule wa kutikisa sensa. Likigoma, betri ikiwa imejaa na kamera ikiwa kwenye hali ya kusafishwa, igeuze mdomo uangalie chini na upulize kwa pampu ya mpira ya mkono.

Usipulize kwa mdomo, mate hayakwepeki. Usitumie mkebe wa hewa iliyoshindiliwa, kwani hutema kemikali inayoganda juu ya kioo. Usiguse kwa pamba. Kama hujawahi kusafisha sensa kwa ufito na dawa yake, leo siyo siku ya kujifunza: doa ni usumbufu, mkwaruzo ni sensa mpya. Kwa simu hakuna cha kujadili, kwani doa lililo nyuma ya kioo ni kazi ya fundi.

Lenzi inasaga, au inagoma kuzunguka

Zima. Sasa hivi. Usiizungushe tena kusikiliza kama kweli inasaga. Punje ya mchanga kati ya pete mbili za lenzi ni msasa, na kila mzunguko unaisogeza ndani zaidi.

Mara nyingi punje zimekwama kwenye mwanya wa nje tu. Elekeza lenzi chini, pita kwenye mwanya kwa brashi laini kavu, puliza kwa pampu ya mkono, rudia. Ukisha, zungusha kidogo sana kwa vidole viwili. Ikiwa laini, endelea, lakini jioni iangalie upya. Ikisaga bado, mchanga umeingia ndani na safari ya lenzi hiyo imekwisha. Ifunge kwenye mfuko mpaka kwa fundi, na umweleze wazi kwamba ni mchanga.

Kamera ndogo ambazo lenzi hujitokeza zenyewe ndizo zinazokufa kwa ugonjwa huu kuliko zote. Ikitoa ujumbe wa hitilafu ya lenzi ikiwa imekwama nusu, safisha mwanya na ujaribu kuwasha mara moja. Usiivute, usiisukume, usiwashe na kuzima mfululizo. Injini yake ni ndogo na meno yake ni ya plastiki. Mafuta ya aina yoyote ni marufuku, yanageuza vumbi kuwa tope.

Namna mchanga unavyosafiri inafaa kujulikana. Punje nzito hurukaruka karibu na ardhi, nyingi zikiwa chini ya goti, wakati vumbi laini hupanda juu. Hivyo anayepiga magoti kubadilisha lenzi ili ajikinge na upepo anajipeleka kwenye mchanga wenyewe. Simama, upe upepo mgongo, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukiangalia chini. Bora zaidi, chagua lenzi moja kabla ya kutoka na usiibadilishe. Mkoba ning'iniza, usiulaze chini. Na usisugue vioo kwa kitambaa kikavu mara kwa mara: katika hewa kavu msuguano huleta umeme tuli unaovuta vumbi lirudi.

Kifaa kimejizima au kinaonya joto

Kamera nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, baadhi ya simu mwisho wake ni 35. Hayo ni ya hewa iliyo kivulini. Mwili mweusi wa kamera uliolala juani hupita hapo upesi.

Sababu kwa mpangilio wa kawaida: imeachwa juani kati ya picha na picha, imerekodi video ndefu, inachajiwa huku inatumika, kava nene, imeachwa kwenye gari lililofungwa. Ipeleke kivulini, izime, vua kava, toa kadi na betri kama zinatoka, ifunike kwa kitambaa cheupe kisichobana na uache hewa ipite. Usiiweke kwenye barafu wala friji. Baridi ya ghafla hukusanya unyevu ndani, nao utakutesa kuliko joto.

Acha kabisa ikiwa betri imevimba, kifuniko kimeinuka, au kuna harufu tamutamu ya kemikali. Usiichaji, usiitoboe, usiikandamize irudi mahali pake. Iweke mbali na vinavyoshika moto na uifikishe kwa wanaoshughulika na betri mbovu.

Betri inakwisha kabla ya safari

Nchi kavu mara nyingi haina mtandao, na simu inayotafuta mtandao bila kuupata hujimaliza yenyewe. Iweke kwenye hali ya ndege. Simu nyingi huendelea kupokea setilaiti za mahali ulipo hata hivyo. Mwanga wa skrini ndio wa pili. Alfajiri sababu huwa baridi: nchi zisizo na unyevu hewani hupoteza joto upesi usiku, na betri baridi huonyesha imekwisha wakati bado. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa muda, kisha ijaribu tena. Simu ndiyo pia njia ya kuita msaada, kwa hiyo ikifika robo acha kupiga picha kwayo.

Skrini imekuwa nyeusi ghafla, au anga lina giza upande mmoja

Skrini: vua miwani ya jua. Miwani yenye polaraiza, kichujio cha kupunguza mng'ao, huizima skrini kabisa ukiishika kwa pembe fulani. Anga: ni filta ya polaraiza kwenye lenzi pana. Inakaza zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na lenzi pana huona sehemu hiyo na nyingine kwa pamoja. Ilegeze au ivue.

Kadi haisomeki

Usipige picha nyingine na usikubali kamera inapokuomba uifomati. Zima, toa kadi, puliza vumbi, rudisha. Isiposomeka, ihifadhi. Programu za kurejesha faili hufaulu mara nyingi ikiwa hakuna kilichoandikwa juu ya zile za kwanza. Picha zikiwa haziwezi kurudiwa, usianze kujaribujaribu, mpe fundi wa data.

Wanyama wanakimbia kabla hujainua kamera

Unawafuata moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu karibu kila mara. Tembea kwa mshazari kana kwamba una safari zako, usimkazie macho, simama kila anapoinua kichwa. Upepo uje kutoka kwake kuja kwako. Jihadhari na kivuli chako asubuhi: ni kirefu na kinafika kabla yako, na mjusi akiguswa nacho hayupo tena. Mbinu iliyo bora kuliko zote ni kukaa. Tafuta njia zao, kinyesi kibichi au mti wenye kivuli pekee, keti mbali kidogo, subiri.

Mnyama akiacha kula akakutazama mara kwa mara, umeshakaribia mno. Rudi nyuma. Ndege anayepiga kelele akikuzunguka ana kiota hapo. Katika joto hilo mayai yaliyoachwa wazi hayachukui muda kuharibika.

Kabla ya kulala chini kupata pembe ya chini, kagua ardhi kwa fimbo, na usigeuze mawe kwa mikono: nge na nyoka hujikinga na jua humohumo. Ukiona udongo una ngozi nyeusi yenye vinundu, usiukanyage. Ni jamii ya viumbe hai wanaoushika udongo usipeperuke, na nyayo moja hubaki miaka. Picha ya mmea adimu iondolee taarifa za mahali kabla hujaisambaza, maana wachimbaji wa mimea huzisoma.

Tatizo liko kwa mpiga picha

Kosa ambalo hulielewi kwenye kila picha, mikono isiyotulia, kusahau mpangilio ulioubadilisha sasa hivi: kabla ya kuikagua kamera jikague mwenyewe. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mkojo wa rangi nzito ni dalili za joto na upungufu wa maji. Nenda kivulini, legeza nguo, kunywa kidogo kidogo, usiendelee siku hiyo.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, huo ni ugonjwa wa joto kali. Mwili umefika nyuzi 40 au zaidi na ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Ita msaada wa matibabu mara moja. Wakati mnasubiri, mtoeni juani, mmwagieni maji mwilini na kumpepea bila kukoma. Asiyejitambua asinyweshwe.

Aliyeumwa na nyoka asitembee kama inawezekana. Kiungo kitulizwe, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe, naye afikishwe hospitali. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, wala usimfuate nyoka ili umpige picha ya kumtambua.

Na wingu zito likionekana mbali juu ya vilima, toka kwenye korongo kavu hata kama juu yako ni jua. Maji ya mvua iliyonyesha kwingine hufika kwa ghafla, na tripodi si kitu cha kukufanya urudi kuifuata.